Robert Elliott: wakili aliyeacha ubunge akasafishe chama chake

Nilichozungumza na vijana kwenye kikao chetu cha Jumamosi.

Leo nawapeleka South Carolina, kusini mwa Marekani, miaka michache tu baada ya utumwa kufutwa. Yupo wakili mmoja mweusi anaitwa Robert Brown Elliott.

Mwaka 1868, akiwa kijana wa rika letu, jamaa alikaa kwenye bunge la katiba la jimbo, akachaguliwa mbunge wa jimbo, na akapata ruhusa ya kufanya uwakili. Kufika 1871 yuko Washington, kwenye Baraza la Wawakilishi. Kumbukeni, miaka kumi nyuma weusi wengi wa jimbo lile walikuwa mali ya mtu, wanauzwa kama ng'ombe.

Sasa njooni Januari 1874. Kuna muswada wa haki za raia: mtu mweusi aingie hotelini, apande treni, akae ukumbini kama wengine. Anayeupinga ni mzee Alexander Stephens wa Georgia, wakili naye, aliyekuwa makamu wa rais wa yale majimbo ya watumwa yaliyojitenga. Ndiye huyo aliyetangaza Savannah mwaka 1861 kwamba jiwe la msingi la serikali yao ni mweusi kuwa chini ya mweupe. Hoja yao, yeye na wenzake: haya ni mambo ya majimbo, na Mahakama ya Juu imeshasema hivyo mwaka 1873, kwenye kesi ya machinjio ya New Orleans.

Elliott angeweza kutukana akapigiwa makofi. Hakutukana. Aliichukua hukumu ileile wanayoitegemea, akawasomea, akaonyesha kuwa majaji wenyewe wamekiri marekebisho ya Katiba yaliletwa kwanza kabisa kumlinda aliyekuwa mtumwa. Ndo akamgeukia Stephens, kwa adabu, akamkumbusha ya 1861. Yaani alilijua faili la mpinzani kuliko mpinzani mwenyewe! Sisi humu tunapenda sauti kubwa jukwaani, kusoma hukumu tunawaachia wanasheria wa chama.

Lakini nimemchagua kwa jambo jingine. Mwaka huohuo, jina limepanda nchi nzima, akajiuzulu ubunge akarudi nyumbani. Chama chake, Republican, ndicho kilichotawala South Carolina, na ufisadi ulikuwa umekithiri. Akaenda kupambana nao, akawa spika wa bunge la jimbo. Malaika hakuwa, alipenda maisha ya kifahari, na maadui hawakuchoka kuuliza pesa zinatoka wapi.

Uchaguzi wa 1876 akagombea uanasheria mkuu wa jimbo. Wafuasi wa Wade Hampton, mashati mekundu na bunduki, walivamia mikutano. Aprili 1877 Rais Hayes akaondoa askari waliokuwa wakilinda serikali ya Republican, na Elliott akatolewa ofisini. Wapo wanaosema chama kilianguka kwa sababu ya kujikosoa hadharani. Sikubali. Kiliangushwa na bunduki. Wizi uliwapa wenye bunduki kisingizio.

Muswada wake ulikuwa sheria mwaka 1875, Mahakama ya Juu ikaiua 1883. Ofisi yake ya uwakili ilikosa wateja. Alifariki New Orleans Agosti 1884, maskini, na miaka 41. Sheria ya kumfungulia mweusi milango ya hoteli nchi nzima ilirudi 1964, miaka 80 baadaye.

Haya, maswali. Tuanze na walioko nyuma.