Mtukufu ni Nani?

Wasikilizaji wa Majengo, Meru na Embu, mnaonisikia mkichemsha chai au mkifungua vibanda, leo tena nalirudia neno mtukufu, kwa sababu mikutanoni bado linatuumiza. Mshereheshaji anashika kipaza sauti: mtukufu gavana, mtukufu mbunge, mtukufu diwani! Halafu mzazi aliyekuja kuuliza fedha za basari zimekwenda wapi anajikuta anaomba kama muomba sadaka. Hilo ndilo dhara lenyewe. Sifa hii imetokana na kutukuka, yaani kuinuliwa juu ya wengine wote. Ndiyo maana twasema Kurani Tukufu, Mwezi Mtukufu wa Ramadhani, mji mtukufu wa Makka. Jumba la tajiri liiteni la kifahari, maisha ya anasa yaiteni ya kifalme, hayo hayanisumbui. Kilicho kitukufu hakihojiwi, na anayelipwa kwa kodi zenu ni lazima ahojiwe.

Ushahidi tunao. Enzi za Daniel arap Moi, 1978 hadi 2002, taarifa za habari za redio ya taifa zilizoea kuanza na Mtukufu Rais, na miaka hiyohiyo wakosoaji wake walitiwa kizuizini bila kesi. Neno halikuwafungia mlango, lakini liliyazoeza masikio yetu kuona kuuliza ni utovu wa adabu. Watasema kumtukuza mkubwa ni mila. Mila ya nani? Wameru wana Njuri Ncheke, baraza la wazee wanaoamua kwa kujadiliana. Chifu wa kuteuliwa na serikali aliletwa na Waingereza. Watasema pia kwamba tukiliacha neno hili heshima itakwisha. Haitakwisha! Tanzania ya Nyerere kiongozi aliitwa Ndugu, na wala hakudharauliwa. Mwamkieni kiongozi, mpisheni kiti, mwiteni mheshimiwa. Hiyo ni heshima, na heshima haizibi mdomo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 1, inasema mamlaka yote makuu ni ya wananchi. Cha 73 kinampa ofisa wa serikali wajibu wa kuhudumia, si uwezo wa kutawala. Basi kwenye mkutano ujao semeni "Mheshimiwa," kisha ulizeni papo hapo: basari ni kiasi gani, na amepewa nani?