Bendera ya Tanzania na Nchi Yake



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme machache juu ya bendera ya Tanzania na nchi ambayo bendera hiyo ni sura yake. Huenda mtu akanong'ona kwamba hayo ni mambo ya watoto wa shule. Lakini ni nani aipandishaye bendera asubuhi na kuishusha jioni, ila tarishi na karani? Nasi tumeona zaidi ya mara moja, katika ofisi ambazo hatutazitaja, bendera imetundikwa ukutani kichwa chini, wakubwa kwa wadogo wakipita bila kutambua.

Kwanza nchi. Ukubwa wake wakaribia kilometa za mraba 947,000. Mtu akisikia hesabu hiyo huwaza nyika na milima tu, na kweli Kilimanjaro, wenye mita 5,895, hauna wa kuupita katika Afrika nzima. Walakini itazameni ramani kwa makini. Mashariki iko Bahari ya Hindi, pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia. Kaskazini liko ziwa Victoria, ambalo karibu nusu yake imo katika mipaka yetu. Magharibi liko Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, hata sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 600. Kusini liko Nyasa, kisha mto Ruvuma ndio mpaka hadi baharini. Ni nchi iliyoshikwa na maji pande zote, nayo bendera ya Tanganyika ya 1961 haikuwa na rangi ya maji hata kidogo!

Asili ya bendera hiyo yatugusa sisi makarani kuliko wengi. Mwaka 1922, pale Tanga, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Mwaka 1929 kikaanzishwa Dar es Salaam Chama cha Waafrika, ambamo makarani na walimu walikuwa wengi, nacho tarehe 7 Julai 1954 kikageuzwa kuwa TANU. Rangi za TANU zilikuwa kijani, nyeusi na kijani. Uhuru ulipofika, 9 Desemba 1961, zikatiwa fito nyembamba za manjano katikati, ikawa bendera ya taifa. Na ile bendera ya kikoloni yenye kichwa cha twiga ikakoma. Luteni Alexander Nyirenda aliisimamisha hiyo mpya katika kilele cha Kilimanjaro.

Huko Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, zilitwaliwa rangi za chama cha Afro-Shirazi: buluu, nyeusi na kijani. Nchi mbili zikaungana tarehe 26 Aprili mwaka ule ule. Basi hesabuni. Nyeusi, yaani watu, na kijani, yaani ardhi na mimea, kila upande ulikuwa nazo. Manjano ya madini ilitoka Tanganyika. Buluu ya maji ilitoka Zanzibar. Kila mmoja alileta alichokosa mwenziwe. (Tanzanaiti, kito kilichovumbuliwa Mererani mwaka 1967, nacho ni cha buluu, lakini bendera ilikwisha shonwa.)

Wengi wametuuliza kwa nini ufito mweusi umekwenda mshazari. Kwa maoni yetu, kama fito zingelazwa, rangi ya mmoja ingekaa juu ya rangi ya mwingine daima. Katika mshazari zote mbili zaegemea ufito wa watu.

Lakini mshazari huo ndio udanganyao macho. Bendera ikipinduliwa ukutani, ufito mweusi hubaki ukipanda vile vile kutoka kushoto kwenda kulia. Ni kijani na buluu tu zinazobadilishana mahali. Kwa hiyo usiutazame ufito, itazame kijani: ukutani ikae juu, kushoto kwa mtazamaji. Kwenye mlingoti ikae juu, kando ya mlingoti, na hapo ufito huanzia chini mlingotini na kupanda. Ukiuona unashuka kutoka mlingotini, shusha bendera, ufungue kamba, uifunge upya kabla saa za kazi hazijaanza.