Injini Yenye Njaa ya Mafuta



Injini kuukuu ya dizeli, iwe yavuta maji ya vitunguu hapa, au yasukuma mashua huko pwani, ugonjwa wake ni mmoja. Huwaka vizuri, ikipewa kazi nzito hulegea na kuzimika, ikipumzishwa huwaka tena. Hiyo ni njaa ya mafuta. Lakini ikitoa moshi mweusi, tazameni kwanza chujio la hewa na uzito wa kazi.

Basi tuanzie tangini. Kwanza, legezeni kifuniko: nguvu ikirudi, tundu lake la hewa limeziba. Pili, zimeni injini, mtoe maji na takataka zilizotuama chini ya tangi. Tatu, badilisheni chujio la mafuta. Nne, kazeni viungo vya bomba. Tangi likiwa chini ya pampu, penye ufa huingia hewa ingawa mafuta hayavuji. Kisha legezeni skrubu ya kutolea hewa, mafuta yatoke bila povu, ndipo mkaze.

Pampu ya mafuta na nozeli ziwe za mwisho, wala zisifunguliwe penye vumbi. Wako walionunua pampu mpya kwa sababu ya tundu lililoziba, na vitunguu vikakauka wakiingoja. Haraka haraka haina baraka.