Mtoto kwenye keria: kabla ya kupanda baiskeli kando ya ghuba ya Watamu

   Mimi ni muuguzi wako wa jamii hapa Uthiru.

Siku moja ya kupima uzito wa watoto, likizo ya Disemba ikiwa imekaribia, mama mmoja alinisubiri hadi foleni ikaisha. Akaniambia, "Sista, tunaenda Watamu kwa shemeji yangu. Nipe dawa ya malaria ya watoto." Nikamuuliza watakaa siku ngapi na watafanya nini huko. Akacheka, akasema watoto hawazungumzi jambo lingine ila baiskeli. Shemeji amewaahidi kuwazungusha barabara ya baharini, mdogo akiwa nyuma kwenye keria.

Swali lake la malaria nililijibu, na leo nitalijibu pia. Lakini kwanza nilimuuliza swali langu: "Huyo mdogo ataweka miguu wapi?" Alininyamazia. Hakuwa amefikiria, na sidhani wengi wetu huwa tunafikiria.

Niwaeleze barabara yenyewe, kwa wale ambao hawajafika. Ukitoka barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, unakata kona pale Gede, penye magofu ya mji wa kale, na kwa kama kilomita 6 unafika baharini. Kushoto ni kijiji cha Watamu. Kulia barabara inafuata pwani kuelekea kusini, inapita ghuba ya Turtle Bay, yaani ghuba ya kasa, na kuendelea hadi karibu na mdomo wa Mida Creek, mkono wa bahari wenye mikoko. Bahari hiyo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968. Barabara ni tambarare. Sisi tuliozoea kupanda mlima kutoka Kangemi tukihema, huko unakanyaga pedali kidogo tu na baiskeli inakwenda. Upepo unavuma, na kati ya hoteli na nyumba unaona maji ya buluu. Ni pazuri, na sitaki mtu azuie watoto kwenda. Baiskeli ni mazoezi mema kwa mtoto na kwa mama pia.

Shida ni kwamba macho ya mtoto yako baharini, na mguu wake uko karibu na spoki.

Miaka kadhaa iliyopita, hapa hapa kwetu, nililetewa mtoto wa miaka minne. Babake alikuwa amembeba kwenye keria kwenda dukani, mwendo wa dakika tano. Mtoto alikuwa amevaa malapa. Alisinzia kidogo, mguu ukaning'inia, kisigino kikaingia kwenye gurudumu. Baba alisikia baiskeli imekuwa nzito, akakanyaga zaidi. Nyumbani waliona ngozi imechubuka tu, wakapaka mafuta ya taa na kufunga kitambaa. Siku ya tatu, ndipo wakamleta, kisigino kilikuwa cheusi. Ngozi ilikuwa imekufa. Alilazwa wiki nyingi na akapandikizwa ngozi nyingine. Yule baba hakuwa mzembe, na mimi sikumlaumu. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Jeraha la spoki hudanganya, mama. Spoki zinauvuta mguu na kuubana kwenye chuma cha fremu, kwa hiyo nyama ya ndani husagika hata kama juu unaona mkwaruzo mdogo. Mara nyingine mfupa umevunjika. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo wanaobebwa, kwa sababu miguu yao haifiki mahali pa kukanyaga, na huchoka kuitanua.

Kwa hiyo kabla ya mtoto kupanda, angalia gurudumu la nyuma. Kama halina kinga, tengeneza. Chukua jerikani kuukuu ya plastiki, kata vipande viwili vipana, kimoja kila upande, uvifunge kwa waya kwenye vyuma vya fremu vinavyozunguka gurudumu, ili mguu usiweze kupenya kwenye spoki. Hakikisha plastiki haigusi tairi wala breki, na ncha za waya zimekunjwa zisimchome mtu. Fundi wa baiskeli yeyote anaweza kukufanyia hayo. Halafu mwambie afunge vyuma viwili vya kukanyagia miguu, kwa urefu unaomfaa mtoto wako. Mtoto avae viatu vilivyofunika kisigino. Malapa yabaki ufuoni.

Mtoto ambaye hawezi kushika kwa nguvu na kukaa macho safari nzima asiwekwe kwenye keria tupu. Ana kiti chake chenye mkanda na pa kuwekea miguu? Sawa. Hana? Atembee na wewe ufuoni, raha ni ile ile. Na mtoto mchanga usimfunge mgongoni kwa leso kisha ukapanda baiskeli. Ukianguka, yeye ndiye atakayetangulia chini.

Ikitokea mguu umenaswa, simamisha baiskeli papo hapo. Usiuvute kwa nguvu, na usizungushe gurudumu mbele. Mtu mmoja amshike mtoto, mwingine alegeze au akate spoki. Osha jeraha kwa maji safi mengi yanayotiririka. Usipake mafuta ya taa, dawa ya meno, sukari wala majivu. Funika kwa kitambaa safi, inua mguu, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama mtoto ameshaanza kucheza. Beba kitabu chake cha kliniki, ili waone kama amekamilisha chanjo ya pepopunda. Na ukirudishwa nyumbani, kidonda kitazamwe tena baada ya siku mbili, kwa sababu ngozi huchelewa kuonyesha kwamba imekufa.

Wale wakubwa wanaoendesha wenyewe, mimi nawaogopea kichwa. Wengi wanaokodisha baiskeli hawana helmeti ya saizi ya mtoto, basi ipeleke kutoka Nairobi. Kwenye mitumba zinapatikana, lakini ikague: iliyo na ufa au iliyowahi kugongwa usiinunue. Ikae sawa kichwani, vidole viwili juu ya nyusi, si kisogoni kama kofia ya mitindo. Jaribu breki zote mbili kabla ya kulipa. Barabara hiyo ina tuktuk, bodaboda na magari yanayochomoka kwenye mageti ya hoteli. Watoto waende upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, mtu mzima akiwa wa mwisho, ili awaone wote. Wakitaka kutazama bahari, washuke kabisa, wasimame nje ya lami. Na waambie juu ya mchanga pembeni mwa lami: ukikata kona kwa kasi hapo, gurudumu linateleza.

Mtoto akianguka akagonga kichwa, kisha akatapika mara kwa mara, akasinzia isivyo kawaida, akapata degedege, au akatoka maji au damu sikioni au puani, usingoje asubuhi.

Sasa jua. Uthiru iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na watoto wetu wamezoea sweta. Pwani mwezi wa Disemba ni joto pamoja na unyevu, jasho halikauki. Waendeshe kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, na warudi kabla giza halijaingia. Kila mmoja awe na chupa yake ya maji, anywe kabla hajaona kiu. Dafu pia ni zuri. Mtoto akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mpanguse kwa maji na umnyweshe kidogo kidogo. Akianza kuongea ovyo au kupoteza fahamu, usimnyweshe kitu. Endelea kumpoza kwa maji na kumpepea huku mkienda hospitali.

Nirudi kwa malaria, kwa sababu yule mama alikuwa na haki ya kuuliza. Hapa kwetu malaria ni kidogo, kwa hiyo miili ya watoto wetu haijajifunza kupigana nayo. Huko pwani iko. Nenda kituo cha afya wiki mbili au zaidi kabla ya safari, uulize juu ya dawa ya kinga. Hupewa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo mpeleke mwenyewe, usigawanye vidonge vya jirani. Beba neti iliyotiwa dawa. Usidhani shemeji anazo za kutosha wageni wote. Jioni, baada ya baiskeli, vaeni mikono mirefu na soksi.

Malaria huanza kuonekana kama wiki moja baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine mwezi mmoja au zaidi. Maana yake shule zitakuwa zimefunguliwa, nyinyi mko Uthiru, na mtoto anapata homa. Usiseme ni baridi ya Kabete. Mpeleke apimwe siku hiyo hiyo, na ukifika dirishani, kabla hata hujaulizwa, sema: "Tulikuwa Watamu."

Safari njema.