Kila Mtu na Toba Yake



Katika sheria ya Musa, mwaka wa 50 ulikuwa mwaka wa yubilei. Tarumbeta yake ilipigwa siku ya 10 ya mwezi wa 7, ndiyo siku ya upatanisho. Toba ilitangulia, furaha ikafuata. Na shamba lililouzwa likamrudia mwenyewe.

Basi tuitazame toba yetu. Adamu alipoulizwa, alimtaja mkewe. Mkewe akamtaja nyoka. Nasi hata leo, mtu akikamatwa husema, "Shetani alinipitia." Ndugu zangu, Shetani hushawishi, lakini mkono uliotwaa ni wa nani? Ulimi uliosingizia ni wa nani? Nabii Ezekieli alifundisha kwamba dhambi ya baba hadaiwi mwana, wala ya mwana hadaiwi baba.

Natani alipomkemea Daudi kwa ajili ya Uria, mfalme angeweza kumnyamazisha. Bali alikiri kwamba yeye ndiye aliyekosa. Naye Zakeo alitubu kwa hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne.

Kwa hiyo, kabla ngoma za yubilei hazijalia, kila mmoja ajiulize: kwangu kuna nini cha mwenzangu? Mpaka wa shamba uliosogezwa, deni lililokanwa, ujira wa kibarua uliozuiliwa: kirudishwe. Kisha aende kuungama, aseme "mimi", asimtaje jirani.

Mungu amrehemu kila atubuye. Amina.