Kwa Nini Bei ya Risasi Hupanda na Kushuka



Mkulima wa mahindi wa Mbeya au Iringa anayemiliki bunduki kwa leseni anaijua adha ya nguruwe pori kuvamia shamba huku dukani hakuna risasi. Wengi hudhani muuzaji ameficha bidhaa. Mara nyingi sivyo.

Risasi huhitaji shaba, baruti, fataki na madini ya risasi yaliyoipa jina. Mwaka 2020, wakati wa Uviko, Wamarekani walizinunua kwa wingi mno hata viwanda vikazidiwa. Vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vikaielekeza baruti kwa majeshi.

Soko la raia nchini ni dogo, kwa kuwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 humruhusu mwenye leseni pekee kununua. Mwagizaji huleta kidogo. Mzigo mmoja ukichelewa bandarini, nyanda za juu hukosa. Shilingi ikishuka, mzigo unaofuata huwa ghali zaidi.

Kuazimana risasi na jirani, hata kwa nia ya kuokoa shamba, kunaweza kuwafikisha wote wawili mahakamani. Taarifa ya wanyama waharibifu ipelekwe mapema kwa Mtendaji wa Kijiji, ili Afisa Wanyamapori wa Wilaya aitwe.