Kelele za Injini Asubuhi ya Baridi

(Maneno aliyosema fundi mmoja wa chama mbele ya madereva na makanika, Endarasha)



Nimeombwa niseme juu ya kelele za injini kuukuu wakati wa kuwashwa asubuhi. Habari hii si ya makanika peke yao. Hapa Endarasha tuko juu zaidi ya mita 2,000, Nyandarua upande huu na Mlima Kenya upande ule, na mwezi wa Julai dereva wa kabichi anayetaka kuwahi soko la Karatina huwasha gari gizani, kioo kimejaa umande. Gari likigonga saa hiyo, mwenye gari hutoka nyumbani akauliza, "Umeifanya nini injini yangu?" Mwisho wa mwezi dereva huona mshahara umepunguzwa. Ndiyo sababu chama kimelileta jambo hili mkutanoni.

Desturi yetu ni kuuliza, "Ni kelele ya namna gani?" Mimi nasema uliza kwanza, "Inakaa muda gani?" Tazama saa yako. Kelele ya sekunde tatu, ya dakika tano, na ile inayozidi jinsi injini inavyopata moto, ni mambo matatu mbalimbali, hata kama masikioni zinafanana.

Usiku oili hushuka kwenye sampu. Asubuhi vyuma vya juu vimebaki na utando mwembamba tu, na pampu inahitaji sekunde chache kuwapelekea chakula chao. Oili yenyewe imekuwa nzito kama uji uliolala. Basi tapeti zitagonga kidogo, na cheni ya taimingi italia, kwa maana katika injini nyingi kile kikaza cheni hupata nguvu yake kwa oili. Ikinyamaza baada ya sekunde mbili tatu, katika gari kuukuu huo si ugonjwa. Lakini ikiwa wiki hii ni sekunde tatu na mwezi ujao ni kumi, tazama filta. Filta nyingi nzuri zina kizuizi cha mpira ndani, cha kuzuia oili isirudi chini usiku. Zile za bei rahisi mara nyingi kizuizi chake hukauka upesi. Cheni ikiendelea kulia hata injini imepata moto, ifunguliwe, maana ikiruka meno injini nyingi hupiga valvu.

Tena kuna maneno ya watu kwamba gari kuukuu lataka oili nzito. Pengine Mombasa yafaa. Debe limeandikwa 20W-50 au 15W-40: namba iliyo mbele ya W yaonyesha oili inavyokwenda katika baridi, na ikiwa ndogo oili hupanda upesi zaidi, namba ya nyuma ni ya wakati wa moto. Kama kitabu cha gari kinaruhusu zote mbili, mtu wa Endarasha achukue 15W-40. Watu humwaga oili nzito ili kuficha kelele ya mchana, kumbe wanaongeza ile ya alfajiri.

Sasa ile ya dakika tano. Ni mgongo mzito kidogo, kama mtu anayebisha mlango wa mbao, na husikika zaidi unapoanza kuondoka na mzigo. Mara nyingi ni pistoni. Imechakaa, nafasi imekuwa kubwa, nayo hupiga ukuta wa silinda mpaka moto uitanue. Gari la namna hii laweza kufanya kazi miaka, mradi oili ipimwe kila asubuhi. Nasema wazi: makanika anayemwuzia mtu ovahoo kwa kelele hiyo tu, na injini haili oili wala haitoi moshi wa samawati, anamla mfanya kazi mwenzake.

Ya kuogopa ni ile inayokwenda kinyume. Asubuhi waisikia kwa mbali, na injini ikipata moto inazidi, nzito, ya chini kabisa, na taa ya oili inapepesa gari likisimama. Hiyo ni beringi ya konrodi au ya krankshafti. Oili ya moto ni nyepesi, haiwezi tena kujaza nafasi iliyolika. Zima. Usiseme utajikongoja mpaka Mweiga. Konrodi ikitoka nje kwa kutoboa bloki, hapana fundi wa kuishona.

Kisha kuna wadanganyifu. Ulikuwako mwenzetu mmoja, dereva wa pikapu ya Peugeot 504. (Mnazijua, ziliundwa humu Kenya mpaka mwaka 2004, na 504 ndiyo iliyoshinda Safari Rally ya 1975. Zingali zinabeba viazi.) Lilipiga tik-tik-tik kila asubuhi, dakika sita saba, likanyamaza. Tajiri akaambiwa tapeti zimekwisha na kamu pia, akamwambia dereva atalipa nusu. Makanika mmoja mzee akaomba gari lilale, asubuhi akapitisha mkono karibu na manifoldi bila kugusa. Pumzi moto ikampiga mkononi, na pale penye gasketi palikuwa na masizi meusi. Moshi ulikuwa unatoka kwenye ufa. Chuma kikipata moto hutanuka na kuziba. Gasketi na bolti mbili. Kamu haikuguswa.

Mshipi wa feni nao hupiga yowe ukiwa na umande. Mwagia maji kidogo: sauti ikibadilika mara moja, ugonjwa uko kwenye mshipi au kwenye ukazaji wake.

Kusikiliza, chukua bisibisi ndefu, ncha juu ya chuma, mpini sikioni. Angalia nguo na nywele mbali na feni. Katika injini za zamani waweza kuchomoa waya wa plagi moja moja kwa koleo lenye mpira: mgongo ukipungua, umeipata silinda. Msifanye hivyo kwa Probox na magari yenye koili juu ya plagi. Wala usikanyage mafuta injini ikiwa baridi ili "kuisikia vizuri". Hapo ndipo vyuma vikavu vinasagana. Ngoja nusu dakika, kisha ondoka polepole.

Sasa mshahara. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi kinachofaa kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Beringi iliyolika kwa miaka si kosa la makusudi la aliyeajiriwa mwaka huu. Lakini dereva aliyeona taa ya oili akaendelea atapata taabu kujitetea. Kwa hiyo kila dereva awe na daftari: tarehe, kelele imekaa muda gani, oili imefika wapi kwenye kijiti, na mwenye gari ameambiwa saa ngapi. Mwombe atie sahihi. Akikataa, mwandikie ujumbe kwa simu na usiufute. Tayari umekatwa? Leta daftari na hati ya mshahara kwa katibu wa tawi.

Ndugu aliyeuliza juu ya dizeli: dizeli baridi hugonga kwa kawaida, maana mafuta huchelewa kuwaka. Ikitetemeka na kutoa moshi mweupe, pima plagi za moto kwanza.

Nje kuna pikapu iliyolala tangu jana, boneti ingali baridi. Twende tukaisikilize. Mtu mmoja ashike saa.